Mkopo wa Bodi kwa shahada ya sanaa: tumeupima kwa mfuko wa Mtwara na Lindi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali huwa lile lile kuanzia Ligula mpaka Nachingwea: mtoto amesoma HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), chuo kimempokea kwa shahada ya sanaa, je, achukue mkopo wa Bodi? Tumeupima mkopo huu kama inavyopimwa bidhaa nyingine yoyote, yaani bei yake, masharti yake, na unachobaki nacho ukishaulipa. Jibu letu tunalitoa kabla ya hesabu. Mkopo wenyewe ni mzuri, na huenda ndilo deni nafuu kuliko yote ambayo Mtanzania wa kipato cha kawaida atapewa maishani. Kinachoumiza ni kozi iliyochaguliwa bila kuangalia foleni ya ajira, na miaka ya kukaa nyumbani baada ya kuvua joho. Wazazi wengi wanaogopa deni, na hilo siyo la kuogopwa.

Unakopeshwa nini hasa

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake hauji kama fungu moja. Umekatwa vipande: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, na kwa baadhi ya kozi mahitaji maalumu ya kitivo. Kipande kinachojulikana zaidi ni chakula na malazi, lile wanafunzi wanaloliita bumu. Ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Linalipwa kwa mikupuo ya siku 60 hivi, ndiyo maana utasikia vijana wakiitaja 600,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo ni 10,000 kwa siku, mwisho siku 56.

Ada ndiyo inayowashangaza watu. Bodi hupima uhitaji wa familia kisha hutoa asilimia, na juu ya hapo kuna ukomo wa ada kwa kila kundi la kozi. Kwenye miongozo yake kozi zimegawanywa makundi matatu kwa vipaumbele vya taifa, na sanaa, lugha na sayansi za jamii zimewekwa kundi la tatu. Maana yake kwa mtoto wa HKL ni hii: anaweza kupangiwa mkopo, lakini asipige hesabu akidhani ada yote imeshabebwa. Akienda chuo binafsi, hata kama ni hapa hapa Mtwara asilipe nauli ya mbali, ada ikivuka ukomo wa Bodi tofauti inabaki kwa mzazi kila mwaka kwa miaka mitatu. Ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23 nao ni wa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/24 pia imefuata fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Mtu wa sanaa hana dirisha la pembeni. Lake ni hili moja.

Kuna vitu havimo kabisa. Nauli haimo. Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi, na anayepangiwa Dodoma au Mwanza ana safari nyingine ya kuanzia hapo, kwenda na kurudi kila likizo. Wala haimo ile pesa ya wiki za mwanzo, na hapa ratiba ya kusini inagongana vibaya na ratiba ya vyuo. Vyuo vingi hufungua Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, lakini fedha haziingii kwenye akaunti ya mkulima siku ya mnada: korosho imepimwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), imesafirishwa ghalani, imeuzwa kwa stakabadhi, mnunuzi amelipa, ndipo chama kinapeleka benki. Bumu la kwanza nalo halitoki mpaka mwanafunzi asajiliwe chuoni na kuthibitisha kwa alama za vidole. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mtoto yuko chuoni, korosho ya baba iko ghalani na bumu liko kwenye mfumo. Familia inayoijua kalenda hii huweka kando fedha ya mwezi mmoja na nusu wa chakula na pango tangu msimu uliopita. Isiyoijua huishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, na hao riba yao inaweza kumeza bumu lote la kwanza.

Kuomba, na pale watu wanapokwama

Maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Bodi, OLAMS, ada ya maombi ni 30,000, unalipa kwa kontrol namba (namba maalumu ya malipo ya serikali) na hairudishwi. Fomu yenyewe haina ugumu. Inayogomba ni viambatisho.

Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo una foleni yake. Anayesubiri dirisha la mikopo lifunguliwe ndipo aende RITA anajichelewesha mwenyewe. Cheti kinaweza kuhakikiwa mapema, hata kabla matokeo hayajatoka. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vivyo hivyo. Vijijini wengi hawana cheti cha kifo, wana kibali cha mazishi tu au hawana chochote, na mtoto anajaza kwamba ni yatima bila uthibitisho. Mfumo hauna jicho la huruma. Yatima asiye na cheti cha kifo anapimwa kama mwenye wazazi wote wawili.

Majina ndiyo mtego mkubwa zaidi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi Saidi Nandonde, cheti cha kidato cha nne kinasema Hamis S. Nandonde, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu mahali pa baba. Rekebisha kabla ya kuomba, kwa hati ya kiapo pale inapokubalika. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iliyotumika kuomba chuo iwe ndiyo hiyo hiyo ya kuombea mkopo. Aliyerudia mtihani na akawa na namba mbili mara nyingi huweka moja huku na nyingine kule, kisha anashangaa jina lake halionekani kwenye awamu yoyote.

Baada ya kujaza, fomu huchapwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini, hupigwa muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji na wa kamishna wa viapo au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena kwenye mfumo. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono juu ya muhuri haisomeki. Tumia skana ya stationari, lipia kurasa hizo chache. Kama kaya iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe, maana ni miongoni mwa vitu vinavyobeba uzito kwenye kupima uhitaji. Kinyume chake, mtoto aliyesomeshwa shule binafsi kwa ada ya familia ataonekana ana uwezo, hata kama korosho ilikauka miaka miwili iliyofuata. Kama alisomeshwa na mfadhili, barua ya mfadhili iambatishwe. Wengi huisahau.

Matokeo ya mkopo huonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi, SIPA. Usishangilie neno "umepangiwa" peke yake. Soma kila kipande kina kiasi gani, hasa ada. Kama asilimia ni ndogo kuliko hali halisi, subiri dirisha la rufaa na upeleke nyaraka mpya. Rufaa yenye maelezo marefu ya shida na karatasi zile zile za mwanzo haiongezi kitu.

Na akishapata, masomo yashikwe. Bodi hulipia miaka ya kawaida ya kozi. Anayerudia mwaka halipiwi mwaka huo, na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hana mkopo lakini deni la alichokwisha kula linabaki.

Bei yake kwa shilingi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyepata vyote kikamilifu. Ada tuiweke 1,000,000 kwa mwaka. Chakula na malazi kwa wiki 34 za masomo, siku 238, ni 2,380,000. Vitabu 200,000. Jumla ya mwaka ni 3,580,000, na kwa miaka mitatu 10,740,000. Ongeza mafunzo kwa vitendo mara mbili, siku 56 kila mara, ambayo ni 1,120,000. Deni linafika 11,860,000. Kuna tozo ya uendeshaji ya 1%, hapa ni 118,600. Jumla kuu ni 11,978,600.

Tuite milioni 12. Angalia umbo lake: zaidi ya nusu ni chakula na pango, siyo ada. Ndiyo maana anayesoma akiishi kwao, au anayesoma Chuo Kikuu Huria kupitia vituo vyake vya Mtwara na Lindi huku akifanya kazi, anaweza kumaliza na shahada bila kubeba kipande kikubwa kuliko vyote.

Sasa riba. Hakuna. Hili ndilo linaloupa mkopo huu alama ya juu kwetu, na ni jipya kiasi. Zamani kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya 6% kwa mwaka. Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza, na faini ya 10% ya waliochelewa kurejesha nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Ili uone uzito wake, chukua deni letu la milioni 12. Asilimia 6 ni 720,000 kwa mwaka. Weka makato ya 8% yaliyokuwapo kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2016, kwenye mshahara wa 770,000: unakatwa 61,600 kwa mwezi, 739,200 kwa mwaka. Umelipa mwaka mzima, deni limepungua kwa 19,200. Kwa hesabu ile, kukopa arusi kulipa matanga haukuwa msemo wa kutishia watoto. Wakubwa wengi wanaomwambia mtoto asikope wanakumbuka deni la enzi hizo.

Leo shilingi uliyokopa ndiyo unayorudisha, na thamani yake inazidi kupungua kadiri miaka inavyokwenda kwa sababu bei za vitu zinapanda. Kifedha, huu ni mkopo wa kulipa taratibu kama sheria inavyotaka, siyo wa kukimbilia benki kukopa kwa riba ili uumalize.

Mkononi kinabaki nini

Makato ni 15% ya mshahara wa msingi. Siyo ya kinachobaki baada ya kodi. Tufuate mwalimu wa shahada wa shule ya serikali kwa mshahara wa mfano wa 770,000. Viwango vya serikali vilipanda tena Julai 2025, kima cha chini kikatoka 370,000 mpaka 500,000, kwa hiyo weka namba iliyo kwenye barua yako ya ajira ukitaka hesabu yako kamili.

Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, huchukua 5%, sawa na 38,500. Kodi ya mshahara hukokotolewa kwenye 731,500 iliyobaki: 20,000 pamoja na 20% ya kinachozidi 520,000, jumla 62,300. Bima ya afya ya NHIF 3% ni 23,100. Chama cha walimu 2% ni 15,400. Bodi 15% ni 115,500. Makato yote ni 254,800, mkononi 515,200. Bodi peke yake imechukua karibu mara mbili ya kodi ya serikali.

Kwa kasi hiyo milioni 12 inaisha kwa miezi 104, miaka minane na miezi minane, na mapema zaidi mshahara ukipanda. Kanuni ya haraka: kwenye mshahara huu, kila milioni moja unayokopa ni karibu miezi tisa ya makato. Ukiweza kupunguza milioni mbili chuoni, umejinunulia mwaka mmoja na nusu wa mshahara usiokatwa.

Mtego upo kwenye mkopo wa benki. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara, hapa 256,667. Mwajiriwa mpya anaingia kazini, Bodi bado haijaanza kukata, afisa wa benki anapiga hesabu kwenye mshahara mnono na kumpa mkopo wa kujaza nafasi yote. Miezi michache baadaye 115,500 inaingia kwenye hati ya mshahara. Hapo ndipo unapomkuta mwalimu anatembea na theluthi kamili, au makato yanagongana na kuleta usumbufu kwenye mfumo. Ukikopa benki kabla Bodi haijaanza, toa 15% kwenye hesabu zako kana kwamba imeshaanza.

Hali ni ngumu zaidi shule binafsi. Chukua 350,000. Mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, NSSF, 10% ni 35,000, kodi ni 3,600 tu, Bodi ni 52,500. Mkononi 258,900. Serikali imemwona mtu huyu ni maskini kiasi cha kumtoza kodi ya 3,600, lakini Bodi inamkata mara kumi na nne ya hiyo. Deni lake litachukua miezi 228, yaani miaka 19. Hapa ndipo tunapoupunguzia mkopo huu alama: hauna kiwango cha chini cha mshahara ambacho chini yake hukatwi. England, aliyeanza chuo mwaka 2023 hulipa 9% ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Chini ya hapo halipi kitu. Wao wana riba, sisi hatuna. Lakini kwa mhitimu wa sanaa, ambaye kazi yake ya kwanza mara nyingi ndiyo hiyo ya 350,000, kizingiti kingemfaa kuliko mambo mengi yanayoongelewa majukwaani.

Kipimo cha Wamarekani, na kwa nini hakitoshi

Marekani, ambako shahada za sanaa zimejadiliwa kwa mtazamo wa deni kwa miaka mingi, washauri wa fedha hutumia kipimo kimoja: jumla ya deni lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Tukilijaribu hapa, mwalimu wetu wa 770,000 anapata 9,240,000 kwa mwaka na deni ni karibu milioni 12. Amefeli, ni mara 1.3. Wa shule binafsi anapata 4,200,000. Deni ni karibu mara tatu.

Lakini kipimo kile kimetengenezwa kwa mikopo yenye riba. Mkopo wa serikali ya Marekani kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 2024/25 ulikuwa na riba ya 6.53%, na huko ukichelewa deni linazaa. Letu halizai. Kwa hiyo kipimo kinachofaa hapa hakimo kwenye ukubwa wa deni. Kimo kwenye muda wa kusubiri kazi.

Hesabu ni hii. Mhitimu akikaa miaka mitatu bila ajira, kwa mshahara ule ule wa 770,000 amekosa 27,720,000. Ni zaidi ya mara mbili ya deni lake lote. Mzazi anayekesha akiwaza milioni 12 za Bodi na hakuuliza foleni ya somo la mtoto wake, amehesabu mchanga na kuacha tofali.

Basi kozi gani

Shahada ya sanaa na ualimu ndiyo wanayoichagua wengi wa kusini, kwa sababu shule ziko kila kata na mwalimu anajulikana anapata nini. Tatizo ni mchepuo. Matangazo ya ajira za walimu kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakiweka mbele Fizikia, Hisabati, Kemia na Baiolojia, na siku hizi kuna usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira badala ya kupangiwa tu. Historia na Kiswahili kuna foleni ndefu. Jiografia na Hisabati ni habari nyingine kabisa, na huo ni mlango anaoufungua mtoto wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ambaye mara nyingi huambiwa naye ni mtu wa sanaa tu. Kama mtoto yuko kidato cha nne sasa na Hisabati yake siyo mbaya, uamuzi wa mkopo unaanzia hapo kwenye kuchagua tahasusi, miaka miwili kabla ya OLAMS. Kwa aliye HKL tayari, Kiingereza tungekiweka mbele ya Historia, kwa sababu shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza nazo zinakihitaji.

Sosholojia, maendeleo ya jamii na utawala wa umma hutegemea halmashauri na miradi. Halmashauri za Mtwara na Lindi huajiri kwa kibali kutoka juu, nafasi chache kwa mara moja, na waombaji wanatoka nchi nzima, siyo mkoa tu. Miradi hutoa mikataba ya mwaka au miwili, kisha inafungwa. Mwenye shahada hizi anahitaji kitu cha pili cha kushika: hesabu za vyama, takwimu, kompyuta inayoeleweka. Kampasi ya TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ya hapa Mtwara hufundisha uhasibu ngazi za chini ya shahada, na AMCOS zinahitaji watu wa kuandika vitabu vinavyopita ukaguzi kuliko zinavyohitaji mtu wa nadharia za jamii. Gesi ya Mnazi Bay na Madimba, kiwanda cha saruji cha Dangote na bandari ya Mtwara huonekana kama neema kwa kila msomi. Kazi nyingi za huko, hata hivyo, ni za mafundi, wahandisi na madereva. Fundi umeme aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA anaingia getini kabla ya mwenye sosholojia.

Lugha zina njia yake. Tafsiri na ukalimani hulipa kwa kazi, na mwenye ithibati ya Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, anaweza kudai bei inayoeleweka. Ila kazi hizo ziko Dar es Salaam, Dodoma na mtandaoni. Siyo hapa Chikongola.

Ukijiajiri, Bodi inakutambua pia

Wengi hudhani asiye na mwajiri hadaiwi. Sheria inampa mhitimu miezi 24, kisha aliyejiajiri anatakiwa kulipa 10% ya kipato chake au kisichopungua 100,000 kwa mwezi. Kwa deni letu hiyo ni miaka kumi.

Geuza iwe korosho. Laki moja kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Msimu wa 2024/25 ulifungua minada kwa zaidi ya 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo ni kilo 300 nzima za korosho ghafi, kabla hujatoa makato ya chama, ghala na halmashauri, wala hujalipia palizi na kupulizia salfa. Bei ikishuka, kilo zinaongezeka. Mhitimu aliyerudi shambani Newala au Liwale hapati fedha kila mwezi, kwa hiyo mpango wa kila mwezi utamshinda kufikia Machi. Linalofanyika ni kutoa kontrol namba na kulipa mkupuo malipo ya korosho yanapoingia, mwezi wa Desemba au Januari. Ukilipa 1,200,000 mara moja, umelipa mwaka. Weka risiti. Na usilipe kwa mtu wala wakala anayesema "nitakuingizia": malipo halali yana kontrol namba iliyotolewa kwa jina lako.

Huduma baada ya kuhitimu

Hapa huduma ya Bodi ni ya wastani kwetu, kwa sababu mzigo wa kufuatilia unamwangukia mdaiwa. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, na kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Serikalini makato hufanyika kwenye mfumo wa mishahara na hati yako inaonyesha salio, kwa hiyo kosa huonekana. Kwenye sekta binafsi kosa hujificha: hati ya mshahara inaonyesha umekatwa 52,500, Bodi haina habari. Kila baada ya miezi mitatu fungua akaunti yako ya Bodi na ulinganishe. Kama makato hayajafika, peleka hati za mishahara mwenyewe. Mwajiri anayekata bila kuwasilisha ndiye mwenye faini, lakini bila hati huna cha kuonyesha. Zitunze zote, hata za kazi uliyofanya miezi minne ukaacha.

Ukibadilisha mwajiri, kutoka shule binafsi kwenda halmashauri, hakikisha kile ulicholipa kwa mwajiri wa kwanza kimehesabiwa kabla wa pili hajaanza. Ukikaribia mwisho, angalia salio mwezi mmoja mmoja. Mfumo wa mishahara ukichelewa kusimamishwa unaweza kukatwa mwezi mmoja au miwili ya ziada. Ziada hiyo hurejeshwa kwa maombi, ukiambatisha hati za mishahara na namba ya akaunti ya benki. Omba na cheti cha kumaliza deni siku hiyo hiyo, wakati faili lako bado liko mezani.